Chachu Iliyotoka Nyumbani kwa Theodosia

Jumamosi ile ya mwaka tisini na nane soko la Songea lilifurika watu. Lidwina alikuwa amebakiwa na mikate minne tu mezani pale kijana mmoja, shati lake la mtumba limenyooshwa pasi likanyooka kweli, aliposimama mbele yake asinunue.

"Dada, naomba donge bichi la unga wenu uliochacha."

"Bichi? Mkeo mjamzito?"

"Sina mke. Labda nimpate leo."

Lidwina alicheka hadi kilemba kikamlegea. Kijana aliitwa Abdulswamadu, mtu wa Tunduru, mtunza maabara wa sekondari moja pale mjini. Alitaka kuotesha chachu, na mikate ya Mama Theodosia wa Majengo ilisifika kwa kuumuka.

Balaa lilianzia hapo. Madukani hamira za pakiti kutoka ng'ambo zilijaa tele, lakini Theodosia, mama yake Lidwina, aling'ang'ania chachu aliyorithi kwa mama yake, na mwiko wake ulikuwa mmoja: haitoki nyumbani ila na binti anayeolewa. Lidwina aliujua mwiko huo. Baada ya wiki tatu za kusindikizana na Abdulswamadu, alimkatia donge, akalificha ndani ya khanga.

Kijana aliotesha madoa mawili ya chachu kwenye kisahani cha kioo. La kwanza lilitoka kwenye donge lile, la pili kwenye togwa iliyochacha ya mama yake, Mwanaisha.

"Hili wewe, hili mimi," alisema. "Tuone yakikutana."

Hayakukutana. Wiki ya pili yalikuwa yametanuka pande zote, isipokuwa pale yalipotazamana. Katikati ulibaki mwanya mtupu. Lidwina aliona ni ishara yao wawili. Siku zilezile unga wa nyumbani uligoma kuumuka, na mama akawa anamtazama tu.

Abdulswamadu alipiga simu dukani kwa jirani yao Bashiru mara mbili, Lidwina alipoitwa akakataa kwenda. Mara ya tatu alipokea.

"Kipenzi, nimekukosea nini?"

"Tumekataana. Nimeona kwa macho yangu, kwenye kisahani chako."

"La haula! Njoo, Lidwina. Njoo sasa hivi."

Alikwenda. Abdulswamadu akamkalisha maabara, mbele ya lenzi ya hadubini.

"Chachu hizi hazikukataana. Zimeongea."

"Kwa mdomo gani?"

"Kwa harufu. Kila doa linatoa hewa kali, jirani anainusa. Ni kama kuambiana: niko hapa, chakula ni kidogo, usije upande huu. Ndiyo maana yote mawili yako hai."

"Na humu ndani ya doa?"

Abdulswamadu alisogeza lenzi. "Chembe zake zimegawana kazi. Za juu zinanawiri. Za chini zinachakaa, zinakufa, wenzao wapate kula."

"Zote ni ndugu?"

"Za mama mmoja."

Lidwina aliogopa. Miaka tisa alikuwa mbele ya tanuri, wadogo zake wanne wakila na kusoma kwa mikono yake, na sasa alijua yeye ni wa kundi lipi.

"Sikuombi ubadili dini," Abdulswamadu alisema taratibu. "Twende bomani tufunge ndoa. Wewe na rozari yako, mimi na swala zangu."

"Na mwanya ule?"

"Tuuache. Tutaishi nao, mpenzi."

Alikubali huku analia.

Jioni alimkuta mama anafagia majivu ya tanuri.

"Chachu uliitoa wewe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Na ninaolewa, bomani."

"Ya chachu nimekusamehe. Wadogo zako atawalisha nani?"

"Mama, nimechoka."

Theodosia aliendelea kufagia. "Nenda. Ila nikifa, usije kunizika."

Siku ishirini na moja za tangazo la bomani zilipita. Hakuna aliyekuja kupinga, na nyumbani hakuna aliyemsemesha Lidwina, hata wadogo zake.

Siku yenyewe alivaa gauni jeupe la kuazima. Karani alifungua daftari, akatazama viti vilivyopangwa kando ya ukuta.

"Upande wa bibi harusi, nani amekuja?"

Lidwina aligeuka kuutazama mlango. Ulikuwa wazi, na veranda haikuwa na mtu.

"Nimekuja mwenyewe," alisema, akashika kalamu.