Glasi ya Chanelle

Jioni ile nilikuwa napeleka vitambaa vya meza mtaa wa Mutanga Nord.

Kazi haikuwa yangu. Ilikuwa ya Khadidja, mwenzangu wa cherehani, tuliyekuwa tukishona naye kwenye baraza moja mtaa wa Nyakabiga. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa ya divai, na Khadidja ni Mwislamu, hakanyagi mahali pa pombe. Akavikunja vitambaa, akanikabidhi.

"Weka kwa mulango, urudi," akasema. "Usikae, Dévote. Na usionje kitu pale."

"Mi sinywi sana."

"Si mambo ya kulewa." Akashusha sauti. "Watu wanatoka mule wanacheka peke yao."

Ilikuwa miaka ya vita na vikwazo. Mipaka imefungwa, petroli ya shida, sukari ya shida. Jua likizama tu, risasi zinaanza kulia huko milimani. Na katikati ya dhiki hiyo, mama mmoja aitwaye Scholastique alikuwa na divai. Nyekundu, nyeupe, ya kila namna. Imepitia wapi, hakuna aliyeuliza. Watu walikwenda kuonja kidogo ya hii, kidogo ya ile, na visahani vidogo vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na maini ya mbuzi, kisha wanakimbilia nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje.

Nilifika giza likianza kuingia. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ndani kulikuwa na mishumaa, harufu ya vitunguu saumu... na harufu nyingine chini yake, kama ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Kulikuwa kimya. Si kimya cha nyumba tupu. Cha watu wanaonong'ona.

Scholastique alinipokea mlangoni. Mwanamke mnene, mpole, kitenge kimefungwa vizuri. Alipokea vitambaa bila kuvitazama.

"Karibu, mama. Ingia uonje."

"Asante, narudi. Couvre-feu iko karibu, sitaki kukutwa njiani."

Ndipo nikasikia kicheko.

Nilikijua, ingawa nilikuwa nimekisikia mara chache sana. Kilikuwa cha mume wangu.

Hyacinthe alifanya kazi kwenye depo moja ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Wiki ile aliniambia wanachelewa kwa sababu ya kupanga magunia. Kumbe alikuwa ameketi kwenye kona, amevaa shati nililompigia pasi asubuhi, ameinama mbele, macho yanang'aa. Mbele yake kulikuwa na kiti.

Kiti kilikuwa kitupu.

Nikatazama meza nyingine. Kila meza, mtu mmoja. Kila meza, glasi mbili.

Nikatazama tena glasi ya pili ya Hyacinthe, ile ya upande wa kiti kitupu. Divai ilikuwa inashuka. Polepole. Hakuna mkono ulioigusa. Kwenye ukingo wake kulikuwa na alama ya midomo, nyekundu, mbichi.

"Chanelle," mume wangu akanong'ona, "we unajua tu kunichekesha."



Chanelle alikuwa mke wake wa kwanza. Alikufa kwenye barabara ya Bugarama, gari alilopanda liliposhambuliwa. Mimi niliolewa mwaka uliofuata. Nimeishi na jina lile kama mtu anavyoishi na jino bovu. Mwanamke aliye hai ningeshindana naye. Aliye hai hununa, huunguza mboga, huzeeka. Chanelle hakuzeeka. Kila nilichompikia Hyacinthe alikula, akasema asante, kama mgeni. Kila usiku aligeukia ukuta, na mimi nilijua anamtazama nani huko ukutani.

Ningemkuta na kahaba ningejua la kufanya. Ningevunja chupa.

Scholastique alikuwa amesimama nyuma yangu. Pumzi yake ilikuwa baridi shingoni.

"Hapa kila mutu anakuja kwa mutu wake," akaninong'oneza. "We una wako?"

"Wangu ni yule pale."

"Yule ako na wake, mama."

Alilisema kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonichoma.

Nikavuka chumba. Hyacinthe akainua macho, na uso wake ukazimika kama mshumaa.

"Dévote... usikae hapo."

Nikakaa.

Kiti kilikuwa na joto. Joto la mwili wa mtu aliyetoka kunyanyuka. Kisha nikasikia kitu kikinipita mapajani, laini, kama mtu anayejaribu kuondoka na sijampisha. Marashi yakanijaa puani. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimemkalia.

"Mupishe," Hyacinthe akasema. "Nakuomba. Mupishe."

Hakunisalimu. Hakuniomba radhi. Alimwombea yeye.

Nikachukua ile glasi, nikaweka midomo yangu juu ya alama ya midomo yake, nikanywa yote.

Ilikuwa tamu. Kisha ikawa na ladha ya udongo. Kisha ya chuma.

Minong'ono ikakoma. Meza zote zikanigeukia. Scholastique akaweka mkono kifuani.

"Ile haikuwa yako, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Lakini mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa namtazama mume wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alinyoosha mkono, akanigusa shavu kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa kitu kinachoweza kuvunjika. Hakuwahi kunigusa hivyo kabla.

"Umerudi," akasema.

Nilipaswa kusema apana. Ni mimi, Dévote.

Badala yake nikaushika mkono ule. Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono, na risasi zikilia juu ya mji, na nilikuwa na furaha.

Asubuhi Khadidja alikuja barazani. Nilimsalimu. Alinitazama midomo kwa muda mrefu, kisha akajifunika kichwa vizuri na kusoma audhubillahi.

"Ulionja," akasema.

Nikamweleza yote. Aliposikia habari ya glasi, akaacha kitambaa kikaanguka.

"Bibi yangu alikuwa anasema, kuna watu wanaita wafu kwa kinywaji. Mufu anakunywa kidogo, anakaa kidogo, anarudi kwake. Kile anachobakisha ndani ya glasi, ile ndiyo njia yake ya kurudi." Akainama kuokota kitambaa. "Na we umekunywa njia."

Tulikwenda Mutanga Nord pamoja, mchana; safari hii Khadidja hakujali kwamba ni mahali pa pombe. Lango lilikuwa wazi. Ndani, viti na meza, na vitambaa vyetu vimekunjwa vilevile. Chupa zilikuwa zimejaa vumbi, na zote zilikuwa tupu. Jirani alisema mama yule alipakia mizigo alfajiri. Alielekea upande gani, hakuona.

Miezi ikapita. Hyacinthe aliwahi nyumbani kila jioni. Aliniletea samaki wa mukeke kutoka ziwani, akanisifu nikipika. Niligundua napenda pilipili, mimi ambaye sikuwahi kuivumilia. Cherehani ikanishinda, uzi ulinikatikia, mguu ukasahau kanyagio. Khadidja akatafuta mwenzake mwingine. Akipita mbele yangu, anainamisha macho.

Na wivu haukuisha. Hilo ndilo sikulitegemea. Kila aliponikumbatia nilimwonea wivu yule anayekumbatiwa.

Jumapili moja, baada ya misa, mvua ilikuwa inanyesha. Hyacinthe aliweka kichwa mapajani pangu. Akasema, akiwa amefumba macho:

"Kuna kitu sijakuambia. Ulipokuwa haupo, nilioa. Fundi mumoja wa cherehani. Mutu muzuri, masikini. Lakini sikumupenda hata siku moja. Nyumba ilikuwa kimya tu, sikuweza kuvumilia. Unanisamehe?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumsukuma, nimwambie nani amelaza kichwa mapajani kwa nani.

Mdomo ulinitangulia.

"Nimekusamehe," ulisema, kwa sauti nyororo ambayo si yangu.

Akatabasamu. Usingizi ukamchukua.

Mkono wangu ukaanza kumpapasa nywele, taratibu. Nilijaribu kuuzuia. Haukusimama.