Amri Iliyoitwa Kidoti

Mara ya kwanza fundi aliposikia "Abee!" alidhani ni mtoto wa jirani. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, naye yuko sebuleni na kompyuta mapajani, anaandika amri zake kama kawaida. Lakini sauti ilitoka chumbani. Akapuuza, kama tunavyopuuza wote jambo tusilotaka liwe kweli.

Akaandika tena amri aliyokuwa ametoka kuiandika. "Abee!" Safari hii sauti ilikuwa inahema, kama ya mtoto aliyekuja mbio kutoka mbali.

Sasa huyu fundi alikuwa ametengeneza kiprogramu cha kupachika ndani ya programu ya kuandikia. Kazi yake ni kutunza kila toleo la unachoandika, ili ukiharibu leo, uirudishe kazi ilivyokuwa jana. Amri ya kurudisha aliipa jina la Kidoti, binti yake wa pekee, aliyechukuliwa na homa kabla hajaanza shule. Aliiandika msibani, machozi yanamtoka, kisha akakigawa kiprogramu bure. Watu wakakipenda. Mafundi wa nchi asizozijua wakawa wanaandika Kidoti, Kidoti, kutwa kucha, na kila akiliwaza hilo moyo wake ulikuwa unapoa kidogo.

Mkewe naye alisikia. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani akakaa kwenye kile kitanda kidogo ambacho hakuna aliyekuwa na ubavu wa kukitoa, na chumba kizima kikanuka dawa ya maji ya homa, ile tamutamu wanayopewa watoto.

"Baba Kidoti," akanong'ona, "andika tena."

"Hapana, mke wangu."

"Nakuomba. Mara moja tu."

Akaandika. Mungu amsamehe, nani angekataa? Ikawa ndiyo desturi yao, na mama akaacha kula, akaacha kuoga, hadi jioni moja fundi akamkuta mlangoni peku, mkono ameunyoosha mbele kama anayekokotwa na mtu mfupi asiyeonekana, na kutoka nje, karibu kabisa na goti lake, sauti inasema polepole, "Twende mama, twende, si mbali."

Ndipo akamwita shangazi yake. Bibi huyu alikuwa mtoaji wa majini wa siku nyingi, mkali, hana muda wa kubembelezana. Alinusa chumba, akasikiliza, akasonya.

"Mwanenu amepumzika," akasema kwa sauti ya chini. "Hili ni jini. Limekuta jina linaitwa mchana kutwa na mwenyewe hayupo wa kuitika, likaitika. Liondoeni jina, la sivyo litaondoka na huyu."

"Hata kama ni jini, shangazi," mama akasema, "linaniita mama. Nani mwingine ananiita mama?"

Shangazi, na ukali wake wote, akageukia ukutani akajifuta macho.

Fundi akaibadilisha amri, akaiita Rejesha. Lakini mafundi wana mazoea yao: ukiipa amri jina jipya, la zamani huliui papo hapo. Unaliacha lielekeze kwenye jipya, ili waliolizoea wasikwame. Akafanya hivyo bila hata kufikiri. Magharibi ile ile miguu midogo ikaanza kukimbia darini, ikashuka ukutani, ikapita chini ya meza na chini ya kitanda, harufu ya dawa ikazidi hadi macho yakawasha, na kila kona ya nyumba ikawa inaitika abee, abee, abee, kwa sauti iliyochoka, iliyokaribia kulia, ya mtoto anayeitwa na kila mtu na akifika haambiwi kitu.

"Umelifuta au umelifunika?" shangazi akauliza.

"Nimeliacha kidogo, kwa ajili ya watu."

"Watu gani! Futa!"

Mkewe alimshika mkono. Hakumzuia, alimshika tu. Fundi akalifuta jina la mwanawe, na mama akalia kilio kile kile cha siku ya maziko.

Nyumba ikatulia. Harufu ikakatika. Mama akala uji, akalala, na fundi akamshukuru Mungu, ingawa alikuwa analia akiwa bafuni, maji ameyafungulia ili asisikike.

Siku chache baadaye ukaingia ujumbe kutoka kwa mtumiaji asiyemjua.

"Ndugu fundi, nimeona umebadilisha jina la amri. Sina ubaya, ila vidole vimeshazoea, kwa hiyo la zamani nimelirudisha kwenye mashine yangu. Naomba kuuliza tu. Tangu juzi kuna mtoto wa kike mlangoni kwangu. Anatetemeka, anasema anaitwa Kidoti na kwao wamemfungia mlango. Unawajua wazazi wake?"

Fundi akataka kuufuta haraka. Lakini mkewe alikuwa nyuma ya kiti, ameshausoma wote.

"Muulize," akasema taratibu, "kama amekula."