Karanga za Bibi Benedikta

Wanachama wa Klabu ya Huduma ya shule yao pale Dutwa walikuwa na siku mbili za kazi. Jumamosi walikwenda kumsaidia mtu asiyejiweza: kumchotea maji, kumkandikia ukuta au kumpalilia shamba. Jumatatu, baada ya masomo, walikaa darasani na kutoa maoni. Mwalimu Klementina, mlezi wa klabu, ndiye aliyeanzisha vikao hivyo. Alitaka kila mwanachama asimame na kusema kilichokwenda vizuri na kilichoharibika.

Kwa kweli, kilichoharibika hakikusemwa kamwe. Mwenyekiti alikuwa Nyamizi wa darasa la sita, msichana mrefu mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, na Nyamizi hakupenda kukosolewa. Aliuliza maoni huku amemkazia mtu macho, na mtu akajibu upesi, "Kazi ilikuwa nzuri, mwenyekiti," kisha akaketi. Kila mtu alirudi nyumbani na furaha yake, na ya Nyamizi ilikuwa kubwa kuliko zote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia wilaya ya Bariadi na kushindana na chama cha ushirika kupata wakulima. Wakala wa kampuni moja, Bwana Januarius, alitaka kampuni yake ipendwe. Aliwapa wanaklabu majembe mapya na fulana za manjano zenye jina la kampuni mgongoni. Tena akaahidi kuja na kamera Jumamosi ya pili ya mwezi. Akiridhika, alisema, klabu ingealikwa Bariadi mjini kwenye sherehe ya wakulima, na mwenyekiti angesoma risala mbele ya wageni. Kichwa cha Nyamizi kikavimba. Akaanza kujifunza kusoma risala ambayo hata haijaandikwa.

Kazi ya mwezi huo ilikuwa shamba la karanga la Bibi Benedikta. Bibi huyo alikuwa mjane, na mguu wake mmoja ulikuwa umevimba hata hakuweza kulima pamba. Karanga zile ndizo zilizokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Ijumaa kabla ya kazi alimwita Nyamizi akamwonyesha shamba.

"Zimeshatoa maua," Bibi alimwambia. "Jembe lipite juu juu tu. Karibu na shina ng'oeni majani kwa mkono. Mimi kesho alfajiri napanda basi kwenda Mkula kwa binti yangu, anipeleke zahanati. Nitarudi baada ya wiki. Umenisikia, ng'wana wane, mwanangu?"

"Nimesikia, bibi," alijibu Nyamizi, na kweli alisikia kwa masikio.

Jumamosi ilipofika, aliwagawa wenzake pande mbili, washindane kama wanavyofanya wakubwa katika vikundi vyao vya kulima kwa ngoma. Masunga, kijana wa darasa la saba, alipiga ngoma. Upande mmoja uliimba kuuzomea upande wa pili, na majembe mapya yakapanda na kushuka kama wanachimba msingi wa nyumba. Nani angefikiria kupalilia kwa mkono huku anazomewa? Kabla jua halijawa kali, shamba lote lilikuwa jekundu na safi, bila jani hata moja la magugu. Wakacheza hadi vumbi likawafika magotini.

Jumatatu Mwalimu Klementina hakuwepo. Alikuwa amekwenda Bariadi kufuatilia mishahara ya walimu iliyochelewa, na asingerudi kabla ya Ijumaa. Nyamizi akaendesha kikao peke yake. Maoni yakaenda kama kawaida, nzuri, nzuri, nzuri, mpaka ikafika zamu ya Scola.

Scola alikuwa wa darasa la tano, mfupi, na hakuwa mtu wa kubembeleza maneno. "Kazi ilikuwa mbaya," alisema. "Tumelima kwa pupa. Tumekata mizizi ya karanga. Jana nimepita pale, nyingi zimelegea. Twende leo tukazifukie kabla hazijafa."

Nyamizi alihisi joto likimpanda shingoni, kwa sababu alikumbuka vizuri sana alichoambiwa na Bibi.

"Nani amekutuma kupitapita shambani kwa watu?" aliuliza kwa ukali. "Wewe upande wenu ulishindwa, sasa una wivu!"

"Sina wivu. Nina macho."

"Mgeni anakuja Jumamosi na kamera, halafu wewe unataka aambiwe tumeharibu?"

"Nataka karanga zifukiwe. Habari za mgeni ni zako."

Kelele zikalipuka. Mmoja akamwita msaliti, mwingine akamwambia arudishe fulana. Ndipo Masunga akakumbuka adhabu ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Mtu akikaidi kijiji, sungusungu humtenga: hasalimiwi, hapewi moto wa kuwashia jiko, hata msibani haendewi. "Na sisi tumtenge," alisema Masunga. "Anayemsemesha Scola naye atengwe." Mikono ikanyooshwa. Nyamizi alikuwa wa kwanza kuinua wake. Scola akavua ile fulana palepale, akabaki na sare ya shule aliyovaa chini yake, akaitupa mezani na kutoka bila kuaga.

Ikawa wiki chungu. Kisimani walimtenga, wakageuza migongo alipofika. Darasani hakuna aliyemwazima kifutio. Naye Scola hakulia wala kubembeleza. Alipita katikati yao macho makavu, na akisukumwa alisukuma. Jumatano jioni Nyamizi alimwona akiwa ameinama shambani kwa Bibi, mbali kule kwenye kichuguu, akirundika udongo kwenye mashina kwa mikono. "Anajipendekeza," Nyamizi aliwaambia wenzake, nao wakacheka.

Hata hivyo kicheko hicho hakikumkaa vizuri. Alhamisi alipita shambani peke yake na kuona. Majani ya karanga yalikuwa yamejikunja, mengine yamekauka kabisa. Akachuchumaa na kuvuta shina moja, likatoka bila kushikwa na chochote chini. Siku hiyohiyo angeweza kuwaita wenzake. Lakini kuwaita kulikuwa ni kukiri kwamba Scola alisema kweli, na hilo Nyamizi aliliona gumu kuliko kumeza jiwe. Akalichomeka shina lile mahali pake, akalisimamisha vizuri, akaondoka.

Jumamosi asubuhi Bwana Januarius alifika na gari dogo aina ya pikapu, kamera ikining'inia shingoni. Wanaklabu walimpokea kwa ngoma na fulana zao za manjano. Mwalimu Klementina naye alikuwepo, bado ana uchovu wa safari. Scola alisimama peke yake ng'ambo ya njia. Nyamizi alipanga kumpeleka mgeni upande wa kichuguu tu, ambako karanga zilikuwa bado za kijani.

Hawakufika. Bibi Benedikta, aliyerudi kutoka Mkula jioni iliyopita, alikuwa amesimama mlangoni pa shamba na mpini wa jembe mkononi.

"Mwangaluka, mayu," Mwalimu alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Sijaamka vizuri, mwalimu, wala usiniamkie!" Bibi alijibu. "Asikanyage mtu hapa! Nani kaniulia karanga zangu? Mwaka huu nitakula nini? Nitakula fulana zenu?"

Ngoma ikanyamaza. Bwana Januarius akakunja uso. "Mwalimu, mmenileta kwenye ugomvi? Watoto wamejitolea, na huyu mama hata ahsante hana."

"Ahsante ya nini?" Bibi alimgeukia. "Njoo uone kwanza!" Akang'oa shina moja kavu na kulitupa miguuni pa mgeni, vumbi likaruka hadi kwenye viatu vyake. "Ni upande ule wa kichuguuni tu uliosalia. Kuna mtu amezifukia kule. Hizi nyingine zote mngezifukia mapema wiki hii, ile mvua ya Jumatano usiku ingeziponya nyingi. Sasa zimekufa!"

"Nani aliharibu?" aliuliza Mwalimu Klementina.

"Scola," Masunga alidakia haraka. "Ndiyo maana tumemfukuza."

"Muongo mkubwa!" Scola alifoka kutoka ng'ambo ya njia. Wanaklabu wakaanza kumzomea. Bwana Januarius akatikisa kichwa, akamtazama Nyamizi. "Mwenyekiti, ni kweli? Ni huyo msichana?"

Kwa Nyamizi jibu la "ndiyo" lilikuwa jepesi, liko tayari kwenye ncha ya ulimi, na baada ya hapo picha ingepigwa na safari ya Bariadi ingebaki pale pale. Akamtazama Bibi. Mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji, naye aliuegemea mpini. Nyamizi akaona haya iliyomchoma hadi masikioni.

"Si Scola," alisema. "Ni mimi. Bibi aliniambia jembe lipite juu juu, sikuwaambia wenzangu. Niliwashindanisha. Scola alitueleza Jumatatu, tukamtenga. Alhamisi niliona zimekufa, nikanyamaza."

Hakuna aliyempigia makofi. Masunga alisonya. Bwana Januarius aliifunga kamera yake kwenye mfuko, akasema kampuni haiwezi kutangaza mambo ya aibu, akawasha gari na kuondoka. Mwaliko wa Bariadi ukaondoka naye. Baadhi ya wanaklabu walimwangalia Nyamizi kama aliyewaibia.

"Karanga tena hatuwezi kupanda, muda umepita," alisema Mwalimu Klementina baada ya kukagua shamba. "Lakini mvua hazijaisha, na choroko hukomaa upesi. Kila mmoja aende kwao aombe bakuli moja la mbegu. Msiseme shule imeagiza. Semeni mlichofanya."

Hiyo ilikuwa ngumu kuliko kulima. Mama yake Nyamizi alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. "Mjane!" alisema. "Umekosa wote wa kumwonea ukamwona mjane?" Akampimia choroko mabakuli mawili badala ya moja, na siku ile Nyamizi hakuthubutu hata kuomba uji.

Mchana walikuwa shambani, bila ngoma. Walichimba vishimo kwa upole, mstari kwa mstari, na Bibi Benedikta alikuwa nyuma yao akikagua kwa mpini wake. Aliyekosea alirudishwa. Masunga alirudishwa mara nyingi kuliko wote. Nyamizi alimsogelea Scola, ambaye alikuwa akipanda mstari wake peke yake.

"Nisamehe," alisema.

Scola hakuinua uso. "Leo bado nina hasira," alijibu. "Shika kamba, mstari wako umepinda." Nyamizi akashika kamba.

Walipomaliza, Mwalimu Klementina aliwaketisha ukingoni mwa shamba. Hakuwa na uso wa kucheka.

"Kosa la majembe lilikuwa la asubuhi moja, na lingerekebishika," alisema. "Mwenzenu mmoja aliwaambia mapema, wakati karanga bado zinaokoleka. Nyinyi mkamnyamazisha. Karanga hizi zimekufa kwa kosa moja la jembe na siku nyingi za kiburi. Na mimi nina lawama yangu: miezi yote nimesikia 'nzuri, nzuri', na sikuwahi kushtuka. Anayekusifu kila siku huenda anakuogopa tu. Anayekuonyesha kosa lako anakupa nafasi ya kulitengeneza, hata kama kauli yake ni ya ukali. Na msaada tunaotoa haupimwi kwa ngoma wala kwa fulana. Muulizeni aliyesaidiwa."

Akamgeukia Bibi Benedikta. "Basi nakuuliza wewe, mayu. Kazi ya leo unaionaje?"

Bibi aliutazama udongo mbichi, kisha akawatazama watoto mmoja mmoja hadi wakainamisha vichwa.

"Ya leo mmeifanya vizuri," alisema. "Lakini sijawasamehe. Choroko zikiota mrudi kupalilia, kwa mikono. Na huyu aliyenifukia karanga za kichuguuni ndiye atakayewasimamia."