Mabega ya Bibi Harusi

Shule zilikuwa zimefungwa, na kila mwenye ndugu mahali alikuwa safarini. Stendi ilifurika. Mabegi yanagongana, watoto wanalia, makondakta wanaita kwa sauti zilizokauka. Katikati ya vurugu hizo mama mmoja alishuka basini amekumbatia boksi kubwa jeupe, kama mtu aliyeazimwa mayai na jirani mgomvi. Nyuma yake alifuata binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata alipompita mama yake kwa urefu.

"Liangalie boksi!" mama alisema.

"Boksi umelibeba wewe, mama."

"Basi waangalie wanaoliangalia!"

Ndani yake mlikuwa na gauni la harusi. Mama alilishona kwa mkono wake mwenyewe, usiku baada ya kazi, shanga moja baada ya nyingine, kwa ajili ya mchumba wa mwanawe mkubwa. Likizo hiyo walikuwa wamekuja kukaa kwa shangazi, dada wa marehemu baba, mpaka harusi ipite.

Kitinda alikuwa hajatua mguu wa pili, pindo lake likanasa kwenye bati la mlango wa basi. Kraa! Gauni lake la kijani likachanika mpaka karibu na goti.

"Usisogee, dada," sauti ikasema chini.

Kijana alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Shati lake lilinyooshwa pasi mpaka likawa na makali, na kwenye kola alichomeka sindano kwa safu, kila moja na uzi wake. Alikuwa amefuata mzigo wa vitambaa; sasa mzigo ameutupa kando.

"Na nikisogea?"

"Nitakushonea gauni kwenye ngozi. Litakaa vizuri, ila kulivua ndiyo kazi."

Watu wakacheka. Kitinda akabana midomo asicheke, na kucheka kukamtokea machoni. Sindano ilipanda na kushuka bila kumgusa hata mara moja. Alipoinama kuukata uzi kwa meno, mama akageuka.

"Wewe kijana! Nani kakupa kibali cha kumshona binti yangu?"

"Shikamoo, mama. Kibali nitakuja kukiomba. Kwanza tuliokoe pindo."

"Marahaba. Na uinuke hapo!"

Kumbe kibanda chake cha ushonaji kilikuwa mtaa wa nyuma ya nyumba ya shangazi, na shangazi mwenyewe alikuwa mteja wake. Kabla jua halijazama, namba ya simu ilikuwa imekwisha kuvuka ukuta.

Nyumba ya shangazi ilijaa wageni mpaka magodoro yakalala sebuleni. Wiki haijaisha, tayari walikuwa wanaitana mpenzi; Kitinda aliongea kwa simu kwenye ngazi za uani, kanga kichwani, akijitia anaanika nguo.

"Hebu niambie, Fundi. Shangazi kiuno chake ngapi?"

"Shangazi gani?"

"Usijitie hamnazo. Anatuambia hajanenepa tangu aolewe."

"Basi hajanenepa."

"Muongo!"

"Mpenzi, sikia. Aliyenifundisha kazi aliniambia, mtu akishavua koti mbele ya futi yako ya kupimia, amekuvulia na siri. Fundi anayetaja kiuno cha mteja, mpe jembe akalime."

"Hata mimi huniambii?"

"Hata wewe. Ya kwangu niulize yote. Ya mteja yaache chini ya pazia."

Alicheka. Kitinda alimwona mtu wa madaha tu, akampenda zaidi.

Siku ya pili yake bibi harusi alikuja kusalimia. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na kicheko cha kuficha mdomo, na Kitinda alimpenda tangu yeye mwenyewe alipokuja mjini humo kumtembelea mwaka uliopita. Mama alilifungua boksi mbele ya watu wote. Lesi ikaenea mezani, shanga zikameta, sebule nzima ikavuta pumzi.

"Sikuwa na vipimo vyako, mwanangu," mama alisema, akijifuta macho. "Nilimpima huyu wifi yako. Ndiye aliyerudi akaniambia, mama, tunalingana kama pacha, nishonee mimi litamkaa yeye."

Bibi harusi aliingia chumbani kulijaribu. Akakaa sana. Alipotoka, alikuwa amevaa nguo zake zilezile, na boksi limefungwa vizuri.

"Limenikaa, mama. Mtaliona siku yenyewe. Naomba niende nalo."

Mama alimkumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Zilikuwa zimebaki siku chache, Kitinda akachukua chupa ya chai na vikombe viwili, akaenda kibandani bila kupiga simu. Alitaka kumshtua mpenzi wake. Aliyeshtuka alikuwa yeye. Cherehani ilikuwa kimya. Pazia la chumba cha kupimia lilikuwa limevutwa, na nyuma yake ilitoka sauti anayoijua.

"Mama mkwe akijua, sina pa kuuweka uso wangu. Na bwana harusi mwenyewe usimwambie, kaka yangu. Mpaka harusi ipite."

"Mimi simwambii mtu," Fundi alijibu. "Tulia. Usilie."

Pazia likafunguka. Wifi yake alitoka akifunga vifungo vya shingoni, macho mekundu. Alipomwona Kitinda alisimama kama aliyekanyaga mwiba, akasalimia nusu salamu, akatoka mbio.

Kitinda aliitua chupa mezani taratibu.

"Alikuja kufanya nini?"

Fundi alishika futi yake shingoni kama mtu anayejishikilia asianguke. "Ni mteja."

"Mteja! Mteja gani anavutiwa pazia, anatoka analia, na mumewe asiambiwe?"

"Niulize langu lolote."

"Nakuuliza hili!"

"Hili si langu."

"Kesho kutwa kaka yangu anamuoa! Nina kaka mmoja tu, unasikia? Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nile. Sasa niambie, nimwache aingie kichwakichwa?"

Fundi alifungua mdomo. Kitinda aliliona jibu likifika kabisa kwenye midomo yake, kisha akaliona likirudi.

"Siwezi, mpenzi. Nisamehe."

"Mpenzi wako yuko njiani, anakimbia na vifungo vyake. Mimi usinipigie."

Chupa ya chai ilibaki pale.

Simu ililia jioni ile, ikalia asubuhi, yeye akaigeuza kifudifudi. Nyumba ilikuwa inanukia sabuni na rangi ya viatu, wanawake wanaimba wakichambua mchele, na kila wimbo ulimchoma. Alimtazama mama akipanga viti huku akitabasamu peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza. Akisema, atavunja harusi na moyo wa mama. Akinyamaza, atakuwa amemuuza kaka yake kwa kimya.

Alasiri ya siku ya mwisho alimkuta kaka yake uani, anapiga viatu rangi.

"Kaka, nina neno."

"Kama ni kuhusu tai, nimeshaambiwa na kila mtu."

"Si tai. Unamjua vizuri huyo unayemuoa?"

Brashi ikasimama. Kaka mtu aliinua uso, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Unasemaje?"

Neno lilikuwa ulimini kabisa. Hapo hapo sauti ya mama ikavuma kutoka ndani.

"Gauni liko wapi? Lazima lipigwe pasi, mimi mwenyewe! Pasi ya mtu mwingine itaunguza lesi."

Bibi harusi, aliyekuwa amekuja kuchukua viatu vyake, alijibu kwa sauti iliyokatika. "Liko nyumbani, mama. Nitalipiga mimi."

"Basi twende nikalione."

"Hapana, mama!"

Kitinda aliingia sebuleni akamkuta wifi yake ameegemea ukuta, jasho limemtoka puani, anamwangalia yeye. Hakuwa na macho ya mwizi. Yalikuwa macho ya mtoto aliyevunja chungu cha mwenye nyumba. Kitinda akamshika mkono, akamvuta chumbani, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Sema. Wewe na Fundi mna nini?"

"Fundi?" Wifi alishangaa mpaka machozi yakasahau kutoka. "Wifi yangu, kumbe ulidhani... Halikupita mabegani!"

"Kitu gani hakikupita?"

"Gauni! Nitazame. Wewe mabega yako ya ndege, mimi nilibeba ndoo tangu utotoni. Lilikwama hapa, shanga zikaanza kunidondokea miguuni. Nifanyeje? Nimwambie mama wa watu aliyeumia macho mwaka mzima kwamba halinitoshi? Fundi amelifumua lote kwapani, anaongeza vipande. Bado analo. Nilimwapisha asimwambie mtu wa nyumba hii. Hata bwana harusi, maana yeye huyo, siri haifiki kwenye koo ikatulia."

Kitinda alikaa kitandani. Mwaka uliopita alimwona wifi yake amekaa, amejitanda mtandio, akarudi nyumbani kifua mbele: tunalingana kama pacha. Ulimi wake ndio uliolishona gauni vibaya, na ulimi huohuo ulikuwa umebakiza pumzi moja uvunje na ndoa.

Mlango ukagongwa.

"Mnafanya nini humo?" Mama.

"Mama, wifi anaona haya!" Kitinda alipaza sauti. "Hataki gauni lionekane kabla ya siku. Mwache, ni bibi harusi!"

Nyuma ya mlango mama aliguna. "Haya za siku hizi zina makelele." Nyayo zikaondoka. Uani, kaka mtu bado alikuwa amesimama na brashi.

"Ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba huyo unayemuoa ana subira kukuzidi. Piga viatu rangi."

Akampigia Fundi. Simu ikalia mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikakata tena.

Asubuhi ya harusi gauni lilifika, limefunikwa shuka. Wanawake walimvisha bibi harusi chumbani kwa shangazi, maana mama alitaka awepo mwenyewe. Lilimkaa kama maji. Mama alizunguka akipanga shela, akinyoosha lesi, na mkono wake ukashuka taratibu ubavuni. Ukasimama. Vidole vikarudi juu, vikashuka tena, kama mtu anayesoma gizani.

"Huu mshono si wangu," alisema.

Bibi harusi akaanza kupiga magoti ndani ya lesi.

"Nisamehe, mama. Halikunipita. Niliogopa kukuumiza."

Mama aliinama, akaugeuza mshono kwa ndani, akautazama sana. Alipoinuka, macho yake yalikuwa na maji.

"Aliyetia mkono hapa ana adabu. Amefuata sindano yangu, hakuishindania." Akamshika bibi harusi kiwiko. "Simama, utakunja pindo. Nikusamehe nini, mabega uliyopewa na Mungu?" Kisha akageuka. "Na wewe Kitinda uliyeniambia mnalingana! Hayo ni macho au vifungo?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na vigelegele vikapaa mpaka mtaa wa nyuma.

Baada ya viapo, watu walipokuwa wanatoka ukumbini wakirusha maua, Kitinda alimwona Fundi getini. Shati lilelile lenye makali. Macho yamevimba kwa kukesha. Ana mfuko mkononi.

"Hukupokea simu," alisema Kitinda.

"Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya gauni la wifi yako. Halafu niliogopa. Ungeniuliza tena, ningesema."

"Usingesema."

"Kwako wewe? Ningesema, kisha nikalime."

Alitaka kucheka, akalia badala yake. "Nilikutukana, Fundi."

"Ulikuwa unamlinda nduguyo. Nilikasirika, nikanywa chai yako yote. Baridi, lakini tamu." Akampa mfuko.

Ndani mlikuwa na gauni la kijani, rangi ya lile lililochanika stendi. Akaliweka kifuani. Mabega yakaenda mahali pake, kiuno kikajua pa kukaa.

"Hujawahi kunipima!"

"Gauni la wifi yako lililetwa kwangu likiwa na mwili wako. Nimekaa nalo nikilifumua, nikikujua. Bega lako la kushoto limeshuka kidogo."

"Usimwambie mtu!"

"Nimwambie nani? Ila kuna mtu mmoja anayenidai neno."

Mama alikuwa anakuja, viatu mkononi, kilemba kimekwenda upande. Alimtazama kijana, akazitazama sindano kwenye kola, kisha akalitazama gauni la kijani. Akalipindua ubavuni, akapitisha kidole kwenye mshono. Kidole kikasimama.

"Kumbe ni wewe," alisema polepole.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba kile kibali."