Hasina Ajifunza Kumpinga Profesa

Nyumbani kwa Mwanaima, Msambweni, wageni hawakauki. Asubuhi huja kununua mbaazi na mahamri. Jioni huja kwa maneno tu. Na tangu binti yake Hasina apate shahada ya biolojia, huja na maradhi pia.

"Hasina mwanangu, hebu nitazamie goti hili," alisema jirani yao, Bi Warda, akipandisha leso.

"Shangazi, mimi sitibu. Nataka kusomea utafiti wa magonjwa."

"Si wasema wataka udaktari? Au ni udaktari wa kutunyima dawa?"

Watu wakacheka. Mwanaima hakucheka. Mwaka uliopita Hasina aliomba kuingia mpango wa kuwaandaa vijana wa sehemu zenye watafiti wachache. Ukichaguliwa, unafanya kazi maabara mwaka mzima, na mlezi wa kukuongoza, hadi uwe tayari kwa shahada ya uzamivu. Alikosa. Sasa ameitwa tena kuhojiwa Jumatatu, na hakuna anayeitwa mara ya tatu.

"Mwaka jana walikuuliza nini?" aliuliza Immaculate, mpangaji wao kutoka bara. Yeye mwenyewe alikuwa akisomea uzamivu.

"Profesa aliyenihoji alisema watoto wa huku huugua kichocho tena na tena kwa sababu hawamezi dawa."

"Ni kweli?"

"Si kweli. Nilikaa na watafiti waliokuja kuchunguza bwawa letu. Watoto wanameza. Halafu wanarudi kuoga maji yale yale adhuhuri, wakati vijidudu vya kichocho vinatoka kwa wingi ndani ya konokono."

"Ukamwambia hivyo?"

"Nilisema, naam, profesa."

Mwanaima akatabasamu. "Nimemfunza mimi. Mkubwa akisema, hajibiwi."

"Mama, adabu hiyo ndiyo iliyomkosesha nafasi," alisema Immaculate kwa upole. "Mtafiti huuliza jambo ambalo bado halijajulikana. Lazima aseme, nimeona hivi, na ushahidi wangu ni huu. Profesa alikuwa akimjaribu."

Mwanaima akaacha upawa wa mbaazi hewani. "Kumbe nimemharibia mwanangu?"

"Hapana. Umempa ulimi wa upole. Sasa apinge kwa ulimi huo huo."

Basi kila jioni baraza likageuka chumba cha mahojiano. Mwanaima aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akajiita profesa.

"Kijana akikojoa damu, ni dalili ya kukua," alisema.

"Naam, mama."

"Naam ya nini? Nipinge, mtoto wewe."

Walirudia hadi Hasina akainua uso. "Kwa heshima yako, profesa, sikubaliani. Damu ile huletwa na minyoo ya kichocho. Mkojo ukipimwa, mayai yake huonekana."

Mwanaima alisikia uchungu kidogo, maana hilo la kukua aliliamini kweli. Kisha fahari ikamjaa kifuani.

Jumatatu profesa alisema maneno yale yale. Hasina alimpinga, akaeleza aliyoyaona bwawani. Walibishana hadi chai ikapoa. Akachukuliwa.

Siku hizi Hasina yuko maabara, na mlezi wake anamsaidia kuandika ombi la uzamivu. Bi Warda bado analeta goti lake.

"Hilo lipeleke hospitali," Mwanaima humwambia. "Huyu kazi yake ni maswali."

Jumamosi moja Hasina alionja hamri. "Mama, kwa heshima yako, leo sukari imezidi."

Bi Warda akashika mdomo. Mwanaima akaweka mikono kiunoni.

"Ushahidi wako?"

Hasina akamega kipande, akamlisha.