Bei ya Joka la Fedha

Kasha la plastiki lilikuwepo, kadi haikuwepo. Mjane alikuwa amelishika kwa ncha za vidole kana kwamba bado lina kitu ndani.

"Liweke chini, mama," Inspekta alisema. "Kimeibwa nini?"

"Joka la Fedha. Katika kadi zote za mchezo alizokusanya marehemu mume wangu, hakuna yenye thamani kuliko hiyo. Na wakusanyaji wenzake wanakuja kununua kesho."

Mamia ya kadi yalipangwa mezani, kila moja ndani ya kifuko chake na kibandiko cha bei juu. Mwizi hakugusa nyingine. Skrubu nne za kasha alizikusanya kwenye kifuniko cha kalamu, zisipotee.

"Mwizi mwenye adabu," Inspekta alinung'unika.

Konstebo alikwisha kumtia pingu mdogo wa marehemu, aliyeishi humo humo. Wiki nzima alikuwa akipiga kelele kwamba takataka hizo za kitoto zichomwe moto.

"Shemeji yangu mwachieni," mjane alisihi. "Upande wa marehemu amebaki yeye tu."

Inspekta akamgeukia mtuhumiwa. "Joka la Fedha ungeliuza bei gani?"

"Kile kikaratasi? Nani angeninunulia hata soda?"

Inspekta alimwamini, lakini kuamini si ushahidi.

Kando ya dirisha alisimama rafiki wa marehemu. Walimwita Mizani, kwa sababu hakuna mkusanyaji aliyethubutu kuuza kadi kabla yeye hajaitajia bei. Jumatatu alikuwa ameandika orodha ya bei zote, na jana alirudi kubandika vibandiko.

"Jana ulibaki peke yako humu?"

"Mama alipokwenda kupika chai. Dakika kumi hivi."

"Na shemeji yake?"

"Alikuwa akiingia na kutoka. Huyo mkono wake mwepesi, afande."

Inspekta akafunga daftari. "Haya. Tukiipata, mama aanzie laki nane, kama ulivyoandika?"

"Laki nane? Watamcheka! Aanzie elfu themanini. Ukingo wake umepakwa wino."

Inspekta akaifunua orodha. "Jumatatu umeandika 'safi kabisa'. Huo wino unaonekanaje?"

"Mpaka uitoe kwenye kasha, uielekeze kwenye..." Mizani akaishia hapo. Kwenye orodha alidanganya, lakini bei ya uongo ikitajwa mbele yake, ulimi wake haukuweza kuivumilia.

Akatia mkono ndani ya koti, akaitoa kadi. Alikuwa ameivisha vifuko viwili.

"Mimi ndiye niliyemuuzia, miaka kumi na tisa iliyopita. Ukingo ulichubuka, nikaupaka wino, nikamwambia ni safi. Kesho wanunuzi wangeitoa kuikagua mbele ya watu wote. Niliona aibu, afande. Nani angeniamini tena?"

"Bora mwenzako afungwe?"

Mizani akailaza kadi mezani, mbele ya mjane.

"Marehemu alijua," mjane alisema taratibu. "Aliuona huo wino wiki ileile aliyoinunua. Nikamwambia airudishe. Akasema kadi nyingine atapata, lakini mtu wa kubishana naye bei kila Jumamosi atamtoa wapi?"

Mizani akaangua kilio. Konstebo akamfungua shemeji pingu, akamfunga Mizani. Mjane alikuwa na hasira, na alimhurumia pia. Akachukua kalamu, akakata laki nane kwenye orodha.

"Elfu themanini, sivyo?"

"Sabini na tano," Mizani alisema huku machozi yakimtiririka. "Pembe moja nayo imepinda."