Herufi Ambazo Kaka Hakuzisukuma

Jumanne, tarehe tatu Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwandishi wa programu aliegemea kiti chake ofisini na hakuinuka tena. Dada yake, aliyefanya naye kazi meza moja, ndiye aliyemfumba macho. Kompyuta iliachwa ikiwaka.

Dada aliporudi kazini baada ya siku saba, pale mezani palinuka udongo mbichi.

Mama yao alikuwa kiziwi. Kaka alimwandikia programu kwa Lisp, lugha ya kompyuta, ili wazungumze kwa maandishi: kiwambo kidogo chumbani kwa mama, na ofisini mkondo mmoja wenye pande mbili, maneno ya kwenda na maneno ya kuja. Ndani ya mashine, mkondo ule ulikuwa kama sanduku. Herufi za kwenda zilikaa kwanza kwenye bafa, yaani mahali pa kungojea, na namba ilihesabu zimefika ngapi, mpaka zisukumwe nje. Kaka alikufa kabla ya kuzisukuma.

Dada alitazama ndani. Herufi mia sita na arobaini. Adhuhuri zilikuwa mia saba. Hakuna aliyegusa kibodi, lakini vitufe vilisikika, polepole, kwa vidole viwili, kama alivyobonyeza kaka. Jirani yao wa meza ya pili, waliyemwita Miwani, alitania kwamba marehemu hata likizo ya kaburini hakuipenda. Kisha naye akavisikia. Alihamisha kiti chake kimyakimya.

Maandishi yalianza vizuri: mama, leo nitachelewa, usisahau dawa. Mbele kidogo: mama huku baridi, nijibu, ukinijibu nitakuja kukuchukua. Yote yalikuwa kwa mtindo wa kaka. Dada hakuweza kujua kaka aliishia wapi na yule mwingine alianzia wapi.

Alimpigia simu mjomba wao, mtu wa dua. Mjomba alisema ni jini, na asiyejibiwa hana njia.

"Yafute, mwanangu, kisha uufunge huo mkondo."

"Na maneno ya kaka je, mjomba?"

"Kaka yako ameshakwenda kwa Mola wake."

Dada alilia, akajiandaa kufunga. Lakini akawaza kwamba huenda mama, siku zile za msiba, alimwandikia mwanawe neno, nalo limelala upande wa kuja na litafutika, basi akaagiza mashine isome herufi moja tu, na kidole kilipoachia kitufe ndipo alipokumbuka sehemu waliyoiandika pamoja yeye na kaka, kwamba kila upande wa kuja unaposomwa, wa kwenda husukumwa kwanza, ili mtu aone swali kabla jibu halijangojwa.

Namba ilisoma sifuri. Bafa ilikuwa tupu.

Alimpigia jirani wa mama. Simu iliita bila kupokelewa. Kwenye kioo, herufi zikaanza kuja, mojamoja, kwa mkono wa mama anayetafuta vitufe:

"Nakuja mwanangu."

Dada na jirani walimkuta mama kitini, uso ukielekea kiwambo, akitabasamu.

Ewe Mola, mpokee mama na mwanawe. Wasamehe walilolijua na wasilolijua, uwape joto huko waliko, na sauti waliyoikosa duniani waisikie kwako. Amina.